Fuller ya gia 13, RTLO-16913A: inaendesheka bila klachi, lakini si kila mahali

Kitabu cha dereva cha Eaton, wanaotengeneza giaboksi hii ya malori, hakizunguki kwenye jambo hili: kila mkono wa gia unapohama, klachi ikanyagwe mara mbili, ya kwanza kutoa gia, ya pili kuingiza. Lakini panda kabini ya lori lenye giaboksi hii kwenye barabara kuu, utaona mguu wa kushoto umetulia sakafuni kuanzia gia ya pili hadi ya nane. Mtengenezaji anasema hivi, madereva wanafanya vile, na giaboksi inavumilia miaka. Tathmini hii inahusu mwanya huo: kwa nini mashine yenyewe inaruhusu, mahali inapokataa, na nani hulipa ikikosewa.

Tuanze na kibati cha jina, maana mengi yameandikwa pale. R ni Roadranger. T ni kaunta shafti mbili (shafti za pembeni zinazobeba gia), yaani nguvu ya injini inagawanyika pande mbili na kila jino linabeba nusu ya mzigo. L ni muundo wenye inesha ndogo (ukinzani mdogo wa kubadili mwendo), O ni overdraivu, yaani gia ya juu inayozungusha propela haraka kuliko injini. Namba 16 inasimama kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya futi-pauni 1,650, takriban Nm 2,240. Namba 9 ni toleo la muundo, 13 ni idadi ya gia za mbele, na A ni mpangilio wa uwiano. Fuller wenyewe walikuwa kampuni ya Kalamazoo, Michigan, kabla Eaton hawajainunua mwaka 1958, na ndiyo maana mafundi wengi mpaka leo wanasema "Fuller" tu wala hawataji Eaton.

Ndani kuna sehemu mbili. Ya mbele ina gia ya Lo, ya kwanza hadi ya nne, na rivasi. Ya nyuma ina safu ya chini na safu ya juu, pamoja na spliti inayoigawa kila gia ya safu ya juu mara mbili. Safu ya chini inakupa gia tano, safu ya juu inakupa nne mara mbili, jumla 13. Uwiano wake, yaani mizunguko ya injini kwa mzunguko mmoja wa propela, ni huu: Lo 12.29, ya kwanza 8.51, ya pili 6.05, ya tatu 4.38, ya nne 3.20. Halafu safu ya juu: ya tano 2.29 (nusu ya chini) na 1.95 (nusu ya juu), ya sita 1.62 na 1.38, ya saba 1.17 na 1.00, ya nane 0.86 na 0.73. Anayetaka kuendesha bila klachi azijue namba hizi, kwani ndizo zitakazomwambia injini iwe kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) ngapi kabla hajasukuma mkono.

Sababu ya giaboksi hii kukubali ni kwamba sehemu ya mbele haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo) hata moja. Gia zote zimeumana na kaunta shafti muda wote, zinazunguka hata zisipobeba kitu. Kinachohama ni kola yenye meno iliyo kwenye meni shafti (shafti kuu). Kola inazunguka kwa mwendo wa magurudumu, kwa kupitia propela na sehemu ya nyuma. Gia inazunguka kwa mwendo wa injini. Mwendo wa viwili hivyo ukilingana, kola inateleza na kuingia bila sauti. Klachi hailinganishi chochote hapo, inakata nguvu tu ili meno yaliyobanana yaachiane. Na nguvu inaweza kukatwa pia na mguu wa kulia: kuna nukta moja kwenye ekseleta ambapo injini haivuti lori na lori haliisukumi injini, na kwenye nukta hiyo meno yanakuwa hayajabanwa upande wowote.

Linganisha na giaboksi ya sinkro kama ZF Ecosplit ya gia 16. Pale kuna pete za msuguano zinazolazimisha mwendo ulingane kabla kola haijaruhusiwa kupita. Ukisukuma bila klachi, pete inajaribu kuisimamisha au kuiharakisha injini nzima, kazi ambayo haikutengenezewa, na inaisha mapema. Tena spliti ya ZF hiyo inasubiri pedali ya klachi ikanyagwe mpaka chini ndipo vali yake ipitishe hewa. Usipokanyaga, hakuna kinachotokea. Kwa hiyo mazoea ya Fuller yasihamishwe kwenye lori lolote lenye gia nyingi. Kwenye malori ya Kichina yenye giaboksi za Fast soma kibati kwanza: RT-11509C ya gia tisa ni ya ukoo wa Fuller na haina sinkro mbele, lakini namba zenye herufi T baada ya tarakimu, mfano 12JS160T, ni za sinkro.

Sasa kazi yenyewe. Kuondoka hufanywa kwa klachi, kila mara. Lori likiwa limesimama, pedali inakanyagwa mpaka sakafuni ili breki ya klachi iisimamishe shafti ya kuingilia, ndipo Lo au ya kwanza au rivasi inaingia bila kukwaruza. Kwenye sehemu ya mwisho ya mwendo wa pedali ndipo breki hiyo inapokaa. Lori likishatembea, shughuli ya mguu wa kushoto inaweza kuisha.

Kupanda gia: ukiwa unavuta, weka vidole viwili au vitatu kwenye mkono na uuvute taratibu kuelekea fri (hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote), kwa nguvu ndogo sana, isiyotosha kuutoa. Halafu achia ekseleta polepole. Utasikia mkono ukilegea kiganjani na kuteleza wenyewe mpaka fri. Usiung'oe. Ukiung'oa kabla ya nukta ile, unalazimisha meno yaliyobanwa, na kona zake ndizo zinazoanza kulika. Mkono ukiwa fri, injini inashuka. Subiri ifike kwenye RPM ya gia inayofuata, kisha sukuma kwa nguvu ileile ndogo. Ikilingana inaingia kama vile hakuna kilichokuwa njiani.

Hesabu yake: gawanya uwiano wa gia mpya kwa wa gia unayotoka, zidisha kwa RPM uliyotokea. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili kwa RPM 1,500, injini lazima ishuke mpaka takriban 1,065. Ya pili kwenda ya tatu ni 1,085, ya tatu kwenda ya nne 1,095, ya nne kwenda ya tano 1,075. Kwa vitendo, gia nzima ni kushuka kwa mizunguko 400 na kidogo ukiwa kwenye 1,500, na mizunguko mia nne na hamsini hivi ukiwa kwenye 1,600. Nusu gia ni kushuka kwa asilimia 15, yaani kutoka 1,500 hadi 1,275. Dereva aliyezoea haangalii geji, anasikiliza injini, lakini anayejifunza aangalie geji mpaka sikio lishike.

Namba hizo ni za barabara tambarare. Ukiwa unapanda mlima na shehena, lori linapoteza mwendo wakati mkono uko fri, kwa hiyo RPM unayoitafuta inashuka kuliko hesabu ilivyosema. Ukisubiri 1,065 utakuta imekwisha kupita, na sasa injini iko chini ya unapotakiwa au juu yake, hujui. Hapo ndipo wengi wanaposhindilia mkono kwa hasira. Kwenye mteremko mambo yanageuka: lori linaongeza kasi ukiwa fri, na RPM inayohitajika inapanda huku injini yako inashuka. Zinapishana.

Kushuka gia ndiko kunakotenganisha anayejua na anayebahatisha. Toa gia kwa njia ileile: vidole kwenye mkono, punguza ekseleta mpaka ulegee. Kama tayari ulikuwa umeachia mafuta na injini inazuia lori, fanya kinyume, ongeza mafuta kidogo mpaka mkono ulegee. Ukiwa fri, piga resi mpaka juu kidogo ya RPM inayotakiwa na uingize wakati inashuka kuipita. Kutoka ya sita nusu ya chini kwa RPM 1,100 kwenda ya tano nusu ya chini, injini inatakiwa 1,555. Kutoka ya nane nusu ya chini kwa 1,200 kwenda ya saba nusu ya juu, inatakiwa 1,395. Kosa la kawaida ni kupiga resi kwa woga, ikafika 1,400 badala ya 1,555, halafu mkono ukasukumwa ukitarajiwa kulazimisha. Haulazimishi, unakwaruza. Ukikwaruza, rudi fri, piga resi tena. Meno hayaharibiki kwa mguso mmoja mfupi, yanaharibika kwa kushikilia mkono pale huku yanapigana.

Swichi ya breki ya injini inastahili aya yake. Kwenye malori mengi breki hiyo inajizima pedali ya klachi ikiguswa. Anayeendesha bila klachi haigusi pedali, kwa hiyo swichi ikiachwa imewashwa, kila anapoachia ekseleta breki inaingia palepale, inayabana meno kwa upande wa pili, na gia haitoki. Au inatoka, kisha RPM inaporomoka kwa kasi ambayo huwezi kuikamata. Izime kabla ya kubadilisha, iwashe gia ikishaingia. Wapo wanaoitumia makusudi kuishusha injini haraka wanapopanda gia mlimani. Inawezekana, ila makosa yake ni ya ghali na hatuishauri.

Tuje kwenye safu, ambako ndiko hii Fuller inawakosoa wanaoharakisha. Kichaguzi cha safu kiko mbele ya kirungu. Ukiwa bado kwenye ya nne, kipandishe juu. Hakuna kitakachotokea mpaka mkono upite fri, ndivyo kilivyoundwa. Mkono ukipita fri, hewa inaihamisha sehemu ya nyuma, na hapa, tofauti na mbele, kuna sinkro. Ndiyo pekee kwenye giaboksi nzima. Inahitaji muda wa kumaliza kazi yake kabla ya ya tano kuingia. Njia ya mkono nayo ni ndefu, kutoka chini kulia kuja juu katikati, na muda huo wa njia ndio unaotosha ukiutumia kwa utulivu. Ukirusha mkono haraka, sehemu ya mbele inaingia wakati ya nyuma haijafika, na sinkro ile ndogo inabebeshwa injini nzima. Inaungua, na pini zake hukatika. Dalili ni kwaruzo la nyuma, zito, wakati wa kutoka ya nne kwenda ya tano tu, huku gia nyingine zote ziko safi. Kurudi chini, kichaguzi kishushwe ukiwa bado kwenye ya tano, na lori liwe kwenye mwendo unaoruhusu ya nne. Kukishusha ukiwa kasi kubwa ni kuiua sinkro ileile. Na kamwe kichaguzi kisiguswe ukiwa unarudi nyuma.

Spliti ni kitufe cha pembeni ya kirungu. Kwenye gia 13 inafanya kazi safu ya juu tu: ukiwa safu ya chini kitufe kimefungwa, na kikiwa mbele huwezi kushusha safu. Kinga hiyo tunaisifu, imeokoa giaboksi nyingi. Kupanda nusu gia, sukuma kitufe kisha achia ekseleta palepale na kabisa. Spliti nayo haina sinkro, ni kola inayosukumwa na hewa, na itasubiri mpaka nguvu ikatike na mwendo ulingane. Ukiachia mafuta nusunusu, kola inakaa mlangoni inakwaruza. Kushuka nusu gia, rudisha kitufe, achia ekseleta, kisha piga resi ipande asilimia 15 hivi. Usiweke kitufe mapema ukasubiri kilima kijacho, na usikiguse mkono ukiwa fri.

Hapo kuna tatizo ambalo wanaosifia uendeshaji bila klachi hawalisemi. Ukitaka kutumia kila nusu gia na lori likiwa zito, lazima utoke ya tano nusu ya juu uende ya sita nusu ya chini. Mkono unahama na kitufe kinarudi. Eaton wanaagiza mkono uingie ya sita kwanza, kisha kitufe kirudi nyuma kabla tu klachi haijaachiwa. Kwa klachi hilo ni rahisi. Bila klachi unajikuta unalinganisha mara mbili: kutoka 1,500 mkono unataka kuingia kwenye ya sita nusu ya juu, karibu 1,060, halafu kitufe kikirudi injini inatakiwa ipande hadi 1,245. Dereva stadi anaweza, ila lori zito kwenye mlima halikupi muda huo. Ushauri wetu: bila klachi, panda gia nzima nzima kwenye nusu ya chini, tano, sita, saba, nane, kisha gawanya ya nane ukifika mwendo wa safari. Ukihitaji nusu zote kwa sababu ya mzigo, kanyaga klachi. Hakuna aibu.

Na kukanyaga klachi huku lori linatembea kuna namna yake. Aliyezoea kuishi bila pedali, siku anapoihitaji ghafla huikanyaga mpaka chini. Hapo anaibana breki ya klachi wakati shafti ya kuingilia inazunguka na lori zima liko nyuma yake. Masikio ya breki hiyo hukatika, na tokea hapo kuingiza gia ya kwanza lori likiwa limesimama kunakuwa vita. Ukitembea, pedali ni nusu tu, inatosha kukata nguvu.

Kuhusu maslahi ya klachi yenyewe, madai mengi yamezidishwa. Sahani za klachi huisha wakati wa kuondoka, si wakati wa kubadilisha gia barabarani, kwa sababu ni wakati wa kuondoka ndipo msuguano unapokuwa mkubwa. Dereva anayeondoka kwa gia ya tatu na shehena ataimaliza klachi hata asipoigusa tena mpaka mwisho wa safari. Kinachopumzika kweli ni beringi ya klachi, viungo vya pedali na goti la dereva. Hayo si madogo kwenye foleni ndefu. Lakini yapimwe dhidi ya kola na gia zilizo ndani ya giaboksi, kwani klachi inabadilishwa bila kufungua giaboksi, na kola haibadilishwi bila kuifungua.

Vipimo vya klachi vinaathiri gia hata kwa asiyeikanyaga, sababu kila kuondoka kunaipitia. Kwa klachi ya kuvuta iliyozoeleka na Fuller, kati ya beringi na breki ya klachi kuwe na nafasi ya inchi 1/2 hadi 9/16, yaani milimita 12.7 hadi 14.3. Kati ya uma na pedi za beringi iwe inchi 1/8, milimita 3.2. Nafasi ya kwanza ikizidi, breki haifikiwi na gia ya kwanza inakwaruza. Ikipungua, breki inabanwa mapema na klachi haiachii vizuri. Fundi asirekebishe nafasi moja bila kupima nyingine.

Hewa ndiyo sehemu dhaifu ya giaboksi hii, na mafundi wengi huikimbilia mwisho baada ya kuwa wameshafungua visivyohusika. Kidhibiti cha hewa kilicho ubavuni kinapunguza shinikizo la mitungi hadi takriban psi 60. Kikiziba kwa maji na uchafu, spliti inakuwa nzito na safu inachelewa, na dereva asiye na klachi ndiye anayeumia kwanza kwa sababu hana muda wa ziada. Weka geji pale kabla ya kulaumu chochote. Kisha sikiliza vali: mlio wa hewa unaoendelea bila kukoma ukiwa kwenye gia ni oringi iliyokufa. Kuna moja ya ndani ambayo haisikiki kirahisi, ya fimbo ya silinda ya safu. Ikivuja, hewa inaingia ndani ya giaboksi, na unaona oili inatupwa nje kupitia tundu la kupumulia au sili ya nyuma inavuja tena wiki baada ya kubadilishwa. Watu hubadilisha sili mara tatu kumbe mkosaji ni oringi.

Oili iwe ya sintetiki SAE 50 iliyoidhinishwa na Eaton, na ujazo ni takriban painti 28, lita 13 na kidogo. Oili za difu za aina ya EP (za shinikizo kubwa) haziruhusiwi, wala viongezo vya chupa. Kipimo ni oili kusawazika na mdomo wa tundu la kujazia, lori likiwa sawa. Kuigusa kwa ncha ya kidole hakumaanishi imejaa: inchi moja ya kina ni karibu galoni nzima, lita 3.8. Jambo jingine linalohusu oili ni kuvuta lori lililokufa. Kaunta shafti ndizo zinazorusha oili, na zinazunguka injini ikiwa inafanya kazi tu. Ukilivuta lori magurudumu ya nyuma yakiwa chini, meni shafti inazunguka kavu. Toa shafti za ekseli au propela kwanza.

Kuna mahali hapastahili kujaribu bila klachi, hata kwa mkono uliokomaa. Mteremko mrefu na shehena ni wa kwanza: gia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, na inabaki hiyohiyo. Ukiitoa ukakosa nyingine, umebaki fri na tani zote zinakusukuma, na kila sekunde RPM unayohitaji inazidi kupanda mpaka injini haiwezi kuifikia. Kuteremka kwa fri kumekatazwa na kitabu, na kwa sababu ya haki. Mahali pa pili ni matope na mchanga, ambako lori husimama mara tu nguvu inapokatika, kwa hiyo chagua gia nje ya tope. Mahali pa tatu ni mtihani wa leseni. Mtahini anataka kuona klachi.

Mkono wa gia usigeuzwe mahali pa kupumzishia kiganja. Uzito wa mkono wa dereva, kilomita baada ya kilomita, unausukuma uma wa ndani dhidi ya kola inayozunguka, na pedi za uma zinalika bila mtu yeyote kukwaruza gia.

Kwa ujumla wa hukumu yetu: kama giaboksi ya kuendeshwa bila klachi, RTLO-16913A ni miongoni mwa rahisi zaidi kufundishia. Hatua za safu ya chini zinakaribiana, RPM inashuka kiasi kilekile gia hadi gia, na sikio linajifunza mapema. Ya gia 18 ya ukoo huohuo, RTLO-18918B, inagawanya hata safu ya chini na inaanza na 14.40, lakini isipokuwa unavuta mizigo mizito mno milimani, nusu gia zake za ziada ni fursa zaidi za kukosea. Makato tunayompa Eaton ni kwenye hewa, ambayo ingestahili kidhibiti kisichoziba kirahisi, na kwenye mkono wenye njia ndefu kati ya ya nne na ya tano.

Anayenunua lori lililotumika lenye giaboksi hii aulize kwanza kama dereva wake alikuwa akitumia klachi, kisha asiamini jibu. Fungua plagi ya kumwagia oili uangalie sumaku: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vyenye kona ni vya meno. Lijaze shinikizo la hewa, zima injini, hamisha safu mara kadhaa ukisikiliza uvujaji. Halafu barabarani, weka gia ya tatu, vuta kwa nguvu kisha achia mafuta ghafla, mkono ukiwa huru bila kushikwa. Rudia kwa ya nne na ya pili. Mkono ukiruka wakati wa kuvuta au wakati lori linasukuma, meno ya kola yamechongoka. Ukiruka kwenye matuta tu, angalia kwanza springi za kushikilia gia na mauntingi za injini, ambazo ni kazi ndogo. Hali ya kwanza ikitokea, bei ishushwe kwa gharama ya kufungua giaboksi nzima, maana kola na gia inayoumana nayo hubadilishwa kwa pamoja.